Mtoto wa kambi ya mkonge anaweza kuwa mshairi wa Kiswahili? Tuongelee Shaaban Robert, Amri Abedi na wengine, walikotoka na walivyoandika

KataniYaMuheza (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu naomba mnivumilie, ni kitu kimenikaa rohoni muda mrefu.

Mi nimezaliwa kwenye kambi ya mkonge wilaya ya Muheza. Babu mzaa baba aliletwa kutoka Kigoma kama manamba, Muha kabisa, na kwa wasiojua, manamba ilitokana na namba, yani mtu akishaandikishwa anapewa namba na kipande chake cha siku 30 na anaitwa kwa hiyo namba. Alikuja akijua Kiha tu. Kiswahili alikuja kujifunzia kambini, pale pale alipokuwa anakata mkonge na Wabena, Wamakonde, Wanyamwezi na Wahehe, maana bila hiyo lugha hata chumvi huombi kwa jirani. Mama yangu yeye ni Mbondei. Kwaiyo nyumbani nimekua nasikia lugha tatu, Kiha babu akiwa na hasira, Kibondei mama akiwa na shangazi zangu, na Kiswahili sisi watoto muda wote.

Naandika mashairi toka niko darasa la sita. Sasa miaka ya nyuma nilienda kwenye kikundi kimoja cha washairi hapa mkoani (sikitaji), nikasoma shairi langu, mzee mmoja pale akasema mbele za watu kwamba mizani (hesabu ya silabi) imekaa sawa lakini "harufu ya pwani haimo", akaniuliza kwetu wapi, nikamjibu hapa hapa Muheza, akasema hapana, kwenu asili. Nilipotaja Kigoma akatikisa kichwa kama daktari aliyeshauona ugonjwa. Toka siku ile karibu miaka miwili sikuandika hata ubeti mmoja.

Kilichonirudisha ni kusoma maisha ya Shaaban Robert. Tunamuita baba wa Kiswahili, mashuleni tunakaririshwa, lakini ni wangapi tunajua wazazi wake walikuwa Wayao? Kazaliwa Vibambani hapa Tanga tarehe 1 Januari 1909, wazazi wenye asili ya kule kusini, na yeye akajiita Mswahili na akamaanisha. Hata jina lake lenyewe liangalieni, Shaaban la Kiislamu, Robert la Kizungu, na kati yake yuko Myao wa Tanga. Yani mtu aliyeshika bendera ya lugha hii, kwa kipimo cha yule mzee, angeulizwa kwenu asili wapi na yeye pia angetikisiwa kichwa.

Alafu nikaenda kwa Amri Abedi. Wale wote mnaopima mizani na vina mnapima kwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi, cha mwaka 1954. Mwandishi wake kazaliwa Ujiji 1924. UJIJI wakuu. Kigoma! Kule kule alikotoka babu yangu. Siku niliposoma hiyo habari nilitoka nje nikakaa kibarazani peke yangu, sikuwa na wa kumwambia.

Kwaiyo swali langu ni hili. Mwandishi anatengenezwa na damu, au anatengenezwa na mlango alioingilia kwenye lugha akiwa mtoto? Mi naamini ni mlango. Na naamini wengi waliokijenga Kiswahili cha maandishi waliingilia mlango wa uani, na ndiyo maana walikitunza sana, maana kitu ulichokipata kwa jasho hukichezei. Karibuni.

---

Mwanamvita

Salaam ndugu yangu. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na nimesoma maneno yako nikahuzunika, yule mzee alikukosea adabu. Mgeni huulizwa kwao akishakaribishwa, akishakula.

Lakini niruhusu nikupinge kidogo. Umesema Ujiji kana kwamba ni bara tupu. Ujiji ni mji wa misafara tangu karne ya 19, watu wa pwani na Wamanyema walikaa pale, wakajenga, wakaoana, misikiti ikawako na Kiswahili kikasemwa. Amri Abedi hakuzaliwa nje ya Uswahili, alizaliwa kwenye Uswahili uliokwenda safari ukafika ziwani. Na alikuwa shekhe, aliyeshiriki tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka 1953. Huyo si mtu wa mlango wa uani.

Pia usitusahau tuliozaliwa ndani. Chukua Abdilatif Abdalla, kazaliwa Mombasa 1946. Ndugu yake ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mkubwa, na Abdilatif amelelewa kwa watu wa elimu na tungo, akasikia mashairi kabla hajajua kuandika jina lake. Mwaka 1969 akatiwa ndani na serikali kwa sababu ya waraka ule wa kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi?, miaka mitatu, akakaa peke yake. Na kule ndani alitunga nini? Alitunga kwa Kimvita, Kiswahili cha kwetu Mombasa, kwa vina na mizani ya wazee wake, akaandika kwenye karatasi za chooni zikatolewa kwa siri, ikawa Sauti ya Dhiki, 1973. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu alibakiwa na nini? Alibakiwa na alichosikia utotoni. Haya mambo ya kuzaliwa ndani yana maana yake, ndugu yangu, usiyafute.

---

KataniYaMuheza

Mwanamvita nashukuru sana na nakubali kosa kuhusu Ujiji. Nilisoma neno Ujiji nikaona babu yangu, nikasahau historia ya mji wenyewe. Babu hakuwa wa Ujiji mjini, alikuwa wa milimani huko Kasulu, kwaiyo ni vitu viwili tofauti.

Ila umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Kama Ujiji ni Uswahili uliosafiri basi na kambi ya mkonge ni Uswahili uliozaliwa upya, sio? Watu wa makabila kumi wanakaa mstari mmoja wa nyumba, wanaamshwa na king'ora kimoja, wanakuja kuoana, watoto wao hawana lugha nyingine ya kuchezea isipokuwa Kiswahili. Sisi tulikuwa na utani wetu, nyimbo zetu za kukatia mkonge, majina yetu ya kila mashine kwenye korona (kiwanda cha kuchakata mkonge). Hayo hayamo kwenye tenzi za kale ila ni Kiswahili.

Na kuhusu Abdilatif sibishi hata kidogo.

---

MwlKidatu

Mkuu uzi mzuri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari naomba niongeze kitu ambacho wanafunzi huwa hawaambiwi. Ukitaka kumwelewa Shaaban Robert angalia KAZI aliyofanya, sio tu alikozaliwa. Kasoma Dar es Salaam 1922 mpaka 1926, akawa wa pili kati ya wanafunzi 11 waliopata cheti cha kumaliza shule. Fikirini, 11 tu. Moja kwa moja akaajiriwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, mpaka 1944. Miaka 18 forodhani! Baada ya hapo idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya Tanga, mwisho ofisi ya upimaji ramani mpaka 1960, na akafariki 1962 nchi ikiwa na miezi michache tu ya uhuru.

Sasa karani wa serikali ya mkoloni ni mtu wa namna gani? Anakula mshahara wa Mwingereza, anaona kila barua inayoingia na kutoka, anaona nani anasikilizwa na nani anafukuzwa mlangoni, na hawezi kusema. Ndiyo maana akaja na riwaya ya Kusadikika mwaka 1951. Nchi inayoelea hewani, Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na Karama anajitetea siku baada ya siku kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande sita wakarudi na mambo ya manufaa wakafungwa. Kwa nini aiweke nchi hewani? Kwa sababu angeiweka ardhini kesho yake asingekuwa na kazi, na alikuwa na familia. Ule mtindo wa mafumbo watu wanasema ni wa kipwani, mi nasema nusu ni wa kipwani nusu ni wa karani anayejua faili lake liko kabati gani.

Mara nyingi nikiwafundisha watoto nawaambia someni Kusadikika kama mtu anayezungumza huku bosi yuko chumba cha pili. Wanaielewa haraka sana.

---

KisiwaniUkerewe

Mwl umegonga penyewe. Ngoja nilete wa kwetu.

Mwandishi Euphrase Kezilahabi. Kazaliwa Namagondo, Ukerewe, 1944. Lugha ya nyumbani Kikerewe, Kiswahili kaja kukutana nacho shuleni. Akasoma seminari Nyegezi kule Mwanza, alafu chuo kikuu Dar. Sasa ona mtu huyu alivyoingia: 1971 anatoa riwaya ya Rosa Mistika, na hadithi yenyewe inaanzia wapi? Namagondo! Kijijini kwake. Binti anabanwa na baba mpaka akipelekwa shule ya masista hajui dunia inaendaje. Kitabu kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Nani mwingine angeandika shule ya masista namna ile kama si mtu aliyekaa seminari miaka, aliyejua kengele na sala na ukimya wa mabweni?

Na lugha yake, mi nilivyoisoma nikiwa form three nilishtuka kwa sababu nilielewa kila sentensi. Sentensi fupi fupi. Hakuna kujipamba. Nilikuwa nimezoea kwamba kitabu cha Kiswahili ni lazima ukae na kamusi. Alafu 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wa mashairi wakaja juu wakasema huyu anatuharibia, mabishano yakaenda miaka na miaka. Watu wanasema alikuwa anaiga Wazungu na kweli kasoma Wazungu, wanafalsafa wengi tu. Lakini mimi nina imani yangu kwamba mtu ambaye hakulazwa kwa tenzi, aliyelazwa kwa hadithi za Kikerewe na sauti ya ziwa, vina kwake ni sheria za nyumba ya watu wengine. Anaweza kuzifuata, hazimuumi akiziacha.

Alifariki Januari 2020. Nilikuwa kwenye kivuko kutoka Mwanza kwenda Nansio nilipopata ujumbe, nikawaambia niliokaa nao benchi moja, wawili walimjua, mmoja akasema "yule wa Rosa?" Tukakaa kimya mpaka tunatia nanga.

---

Mwanamvita

Hapo kwa Kezilahabi ndipo hunipoteza, sitaficha. Shairi lisilo na vina kwangu haliimbiki, na sisi shairi huimbwa. Lakini maelezo yako ya "nyumba ya watu wengine" nimeyafikiri tangu adhuhuri. Sijawahi kuliona hivyo.

---

BintiPongwe

Kaka zangu mmeongea yote mazuri ila naona mmekaa wanaume watupu. Na sisi je?

Mwana Kupona wa Pate alitunga utenzi wake 1858, mgonjwa, anaona mwisho wake uko karibu, ana binti. Akamtungia wosia. Yani hali yake ya maisha ndiyo iliyomchagulia cha kuandika, aliandika kile ambacho mama anayekufa anaharaka ya kukisema, jinsi ya kuishi na Mungu, na mume, na watu. Leo tunaweza tusikubaliane na kila alichomuusia yule binti (mimi sikubaliani na mengi), lakini ukiusoma ukijua yuko kitandani, unausoma tofauti.

Alafu Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Huyu hakuandika, alikuwa hajui kusoma, ila hadithi yake ndiyo inayonifanya nimpende Shaaban Robert. Kazaliwa Fumba Unguja, ukoo wa watumwa, jina lake la utotoni lenyewe lilikuwa Mtumwa. Wazazi wafinyanzi, yeye anabeba vyungu kwenda kuviuza mjini huku anatangaza biashara kwa kuimba. Akaja kuwa sauti ya kwanza ya mwanamke kutoka huku kwetu kuingia kwenye santuri, Bombay, 1928. Na kati ya watu wote waliokuwepo, masultani, mashekhe, matajiri, Shaaban Robert aliamua kuandika wasifu wa nani? Wa Siti. Muuza vyungu.

Mi nadhani alimwona kama mwenzake. Wote wawili wametoka kwa watu waliokuwa wanatazamwa juu mpaka chini, na wote wawili lugha ndiyo iliyowainua. Na ona pia alivyofiwa na mkewe Amina, akaandika maombolezo ambayo mpaka leo watu wanayajua kwa kichwa, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati, wosia wa baba kwa binti, njia ile ile ya Mwana Kupona. Mwanaume mjane analea, anashika kalamu kama mama wa Pate alivyoshika. Hiyo siyo damu ya Kiyao wala nini, ni msiba.

---

KataniYaMuheza

Bintipongwe umenitoa machozi, nakwambia ukweli. Hiyo ya Siti sikuwahi kuiunganisha.

Na umenikumbusha jambo. Bibi yangu, mke wa yule babu, hakuwa anajua kusoma kabisa. Alikuwa akianika katani kwenye waya, ile kazi ya kuanika walipewa sana wanawake, na akiwa pale anaimba Kiha alafu anageuza anaimba maneno yale yale kwa Kiswahili ili wenzie waitikie. Nilikuwa mdogo nakaa chini ya kivuli namsubiri. Ndiyo tafsiri ya kwanza niliyowahi kusikia maishani, na nilijua kabla sijaenda shule kwamba kitu kimoja kinaweza kusemwa mara mbili na mara ya pili kikawa na sura nyingine. Mashairi yangu mpaka leo yana hiyo tabia, nasema kitu kisha nakisema tena kwa upande wa pili. Yule mzee alisema hiyo ni kasoro, narudia rudia.

---

MwlKidatu

Sio kasoro hiyo mkuu. Na kuhusu kuulizwa kwenu asili mkumbuke pia Mathias Mnyampala. Kazaliwa 1917 Ihumwa, Dodoma. Mgogo, Mkristo, amekua na ng'ombe. Huyu ndiye aliyeasisi ngonjera, akawa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha washairi, na baada ya Azimio la Arusha 1967 kila shule ya msingi nchi hii watoto wakawa wanasimama mbele ya wageni wanajibizana kwa ngonjera. Wewe na mimi tumesimama. Kwaiyo mtoto wa Kigogo aliyetoka kuchunga ndiye aliyetufundisha wote kusimama na kutamka beti kwa sauti. Mtu wa makundi ya watu wanaojibizana alileta shairi la kujibizana, mi naona hivyo.

---

MpitaNjiaReading

Nimesoma kimya toka juu. Mzanzibari, niko Uingereza mwaka wa 22 huu. Mnaongelea mlango wa kuingilia, mimi naomba kuuliza mlango wa kutokea. Mwandishi Abdulrazak Gurnah ametoka Unguja mwishoni mwa miaka ya sitini, kijana mdogo, baada ya mapinduzi ya 1964. Akaandika kwa Kiingereza maisha yake yote, 2021 wakampa Nobel, na watu kwetu wengi walikuwa hawajamsikia. Lakini ukisoma riwaya yake Paradise unasikia Kiswahili chini ya Kiingereza, misafara, baraza, ami, watoto wanaowekwa rehani kwa deni la baba. Ilipotafsiriwa ikaitwa Peponi nikamsomea mama kwa simu kurasa kadhaa. Akaniuliza, huyu katutoka lini? Nikamwambia zamani sana mama. Akasema mbona hajatoka.

Nilitaka kusema hilo tu.

---

KisiwaniUkerewe

Eeh. Mama kamaliza.

Mwanzisha uzi tuwekee shairi bwana, tumeongea sana, tunataka kusikia hiyo harufu.

---

KataniYaMuheza

Sawa. Nimekaa nalo toka jana usiku, ni beti mbili tu, la tatu linagoma.

Nalizawa mkongeni, king'ora kinapolia,
Babu akiwa shambani, jua linamuwakia,
Lugha tatu mdomoni, zote nimezirithia,
Leo mwaniita nani, mgeni wa kuingia?

Sikuja nikiwa bubu, nalikuja nikisema,
Kwa sauti yake babu, na nyimbo zake za ngoma,
Kiswahili kwa taabu, kambini tulikichuma,
Nipe kalamu, kitabu, niyaandike ya nyuma.

---

Mwanamvita

Nimehesabu. Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimetimia kati na mwisho. "Kambini tulikichuma", hilo neno kuchuma umeliweka mahala pake, maana ndiyo kazi na ndiyo mavuno.

Nimeliimba kwa sauti hapa nyumbani, linaimbika. Mke wangu ameniuliza ni la nani, nimemwambia la bwana mmoja wa Muheza.

Ubeti wa tatu usiulazimishe. Ila nilivyokuwa naimba nimeona yuko babu, na yule mama aliyekuwa akianika katani hayumo.

---

KataniYaMuheza

Kweli kabisa, bibi hayumo. Naenda kambini Jumamosi, shangazi yangu mkubwa bado yuko pale na anazijua zile nyimbo za kwenye waya kwa lugha zote mbili. Ntazirekodi kwa simu kwanza ndo nirudi.

Wasalaam wakuu.